Shajara ya mradi: kubadilisha betri ya Nissan Leaf Mombasa, pamoja na vipimo ambavyo hakuna anayevidai

Januari, kaskazi imepamba moto

Gari ni Nissan Leaf la umeme la mwaka 2014, lililoteremshwa bandarini Kilindini baada ya kutumika Japani, na mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Tudor ambaye binti yake ameolewa Malindi. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita zipatazo 120. Siku hizi Mwalimu akilijaza umeme usiku kucha, taa ya onyo humwakia akiwa ndio kwanza anaiacha Kilifi nyuma, na safari ya kumwona mjukuu imegeuka kuwa safari ya matatu. Dashibodi inaonyesha vijiti 7 vya uwezo kati ya 12, na kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kinasema betri imebakiwa na asilimia 58 ya uwezo wake wa awali. Gari linapopanda daraja la Nyali kwa nguvu, tofauti ya volti kati ya seli (betri ndogondogo zinazounda betri kubwa) iliyo imara kuliko zote na ile iliyo dhaifu kuliko zote hufika milivolti 190, ilhali gari likiwa limetulia tofauti hiyo haizidi milivolti 20.

Chanzo chake si siri. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji wala kwa feni. Joto linaloingia hutoka polepole kupitia sanduku lenyewe, na seli zinazokaa katika joto kali huzeeka haraka. Wamiliki wa Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, walianza kulalamikia jambo hilohilo mwaka 2012, magari yao yakiwa bado mapya. Hapa kwetu usiku wenyewe haupoi, na gari hushinda juani juu ya lami.

Betri ya kiwandani ni ya kilowati-saa 24. Ndani yake mna moduli, yaani vifurushi vya seli, 48 zenye seli 192, zikiwa zimepangwa jozi 96 kwa mfululizo, na hivyo volti za kawaida ni 360 na betri ikijaa hukaribia 400. Anayezoea betri ya volti 12 akumbuke kwamba kanuni za usalama wa magari ya umeme huanza kuhesabu umeme wa DC, yaani wa mkondo wa moja kwa moja kama wa betri, kuwa wa hatari unapovuka volti 60.

Mwalimu aliuliza swali ambalo kila mwenye gari kama hili huuliza: “Fundi, si mnaweza kutoa zile seli mbovu tu mkanitilia nyingine?” Kwa mkono inawezekana, na wapo wanaofanya. Sisi tumekataa, na sababu zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba ukishafungua mfuniko wa sanduku la betri hakuna swichi inayoweza kuzima umeme uliomo ndani. Plagi ya usalama ikitolewa hukata mfululizo katikati tu, na kila nusu hubaki na volti zake zinazokaribia 200 juu ya vyuma vilivyo wazi. Ya pili imetuchukua muda zaidi kumweleza, nayo ndiyo iliyoamua mradi mzima, kwa hiyo naiandika peke yake hapa chini.

Mwanzoni mwa Februari: kanuni

Kanuni Na. 100 ya Umoja wa Mataifa kuhusu usalama wa magari ya umeme imeandikwa kwa ajili ya watengenezaji wanaotafuta idhini, wala haikumlenga fundi wa Shimanzi. Hata hivyo ndiyo inayoeleza waziwazi betri ya gari imepitishwa katika majaribio gani: mtikisiko, kupashwa joto na kupozwa kwa ghafla, kugongwa, kuunguzwa kwa moto, kuunganishwa ncha kwa ncha, kujazwa kupita kiasi na kumalizwa kupita kiasi. Majaribio hayo hufanywa kwa betri ikiwa na sanduku lake, mihuri yake, mishikio yake na kompyuta yake. Anayeifungua akachanganya moduli za magari matatu tofauti, akafunga mfuniko kwa silikoni ya dukani, ametengeneza betri mpya ambayo haijajaribiwa na mtu yeyote, hata kama kibandiko cha kiwanda kingali juu yake. Anayetoa betri nzima iliyofungwa na kuweka nyingine nzima iliyofungwa bado amesimama juu ya majaribio ya kiwandani, ila kwa sehemu zile alizozigusa mwenyewe.

Kwa upande wa sheria za nchi, kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na vifaa vyake vyote vitunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala walio ndani ya gari. Maneno hayo ni mapana, na betri imo ndani yake ijapokuwa haikutajwa. Kadi ya gari haibadiliki, maana mota ni ileile na namba ya chesisi ni ileile. Bima ni habari nyingine. Mwenye bima anapaswa kuiarifu kampuni yake juu ya mabadiliko yanayoweza kubadilisha hatari iliyokubali kuibeba, nami sijui badiliko kubwa kuliko hili katika gari la umeme. Tumemwandikia Mwalimu barua ya kuipelekea kampuni yake ya bima, yenye namba ya betri inayotoka, namba ya betri inayoingia na ahadi ya ripoti ya vipimo. Walijibu kwamba wanaisubiri ripoti hiyo.

Kutoka katika Kanuni Na. 100 tumechukua namba mbili kuwa mizani yetu. Ukinzani wa kihami (kinachozuia umeme usivuje) kati ya umeme mkubwa na bodi ya gari usipungue omu 500 kwa kila volti pale ambapo saketi ya DC na ya AC (mkondo geu, unaoendesha mota) zimeungana, kwa hiyo kwa volti 400 usipungue kiloomu 200. Na ukinzani kati ya kila chuma cha nje kinachofunika umeme mkubwa na bodi ya gari uwe chini ya omu 0.1, ukipimwa kwa mkondo usiopungua ampea 0.2.

Katikati ya Februari: kutafuta betri

Tulitaka betri ya kilowati-saa 30 iliyotoka kwenye Leaf la miaka ya karibuni zaidi. Umbo la sanduku ni lilelile, mishikio ni ileile, na uzito umezidi kidogo tu, betri zote mbili zikiwa karibu na kilo 300. Ndani imepangwa kwa moduli 24 zenye seli nane nane badala ya moduli 48 zenye seli nne nne, lakini jozi kwenye mfululizo ni 96 vilevile, kwa hiyo volti zinalingana.

Betri zilizotumika hupatikana kwenye magari yaliyopata ajali, na hapo ndipo kazi halisi ya mradi huu ilipo. Gari linapogongwa kiasi cha kufumua mifuko ya hewa, kompyuta huamuru kontakta za ndani ya betri, yaani swichi zinazounganisha seli na nyaya za nje, zifunguke ili umeme mkubwa usitoke nje. Ni jambo jema kwa majeruhi na mwokoaji, lakini humdanganya mnunuzi: akiweka mita kwenye koneka kubwa ya betri iliyokatwa hivyo atasoma sifuri, na akipima kihami hapo atapata namba nzuri ajabu, kwa sababu anapima kipande cha waya kilichotengwa na seli zote. Hitilafu ikiwa ndani, upande wa pili wa kontakta, hataiona.

Njia ya kuiona ni tundu la plagi ya usalama. Ikitolewa, vigusio vyake viwili viko upande wa seli, mwisho wa kila nusu ya mfululizo. Tukiwa na glavu na vigusa vyembamba vya mita vilivyokingwa hadi ncha, tulipima volti kati ya kigusio kimoja na chuma cha sanduku, kisha kati ya kigusio cha pili na sanduku. Betri isiyo na hitilafu haina uhusiano wowote wa umeme na sanduku lake, kwa hiyo mita huruka kwa sekunde chache halafu namba hushuka taratibu kuelekea sifuri. Betri ya kwanza tuliyoonyeshwa haikufanya hivyo. Nusu ya kwanza ilishuka vizuri. Nusu ya pili ilisoma volti 112 na kubaki palepale kana kwamba imepigiliwa msumari. Volti isiyoshuka maana yake ni kwamba mahali fulani katika nusu hiyo seli imepata njia ya kufika kwenye sanduku, na namba yenyewe hukadiria ni umbali gani kutoka kwenye tundu. Tulipoinamisha taa chini ya koneka ya mawasiliano tukaona mstari mweupe wa chumvi. Muuzaji alishikilia lake: “Yakhe, hii haijaguswa na maji, nakuapia.” Inawezekana kabisa kwamba yeye hakuigusisha maji. Tukamshukuru, tukaondoka.

Betri ya pili ilitoka kwenye gari lililogongwa ubavuni mbele ya mlango. Sanduku halikuwa na bonde wala mkwaruzo chini, mihuri ilikuwa ya kiwanda, hapakuwa na harufu tamutamu ya kimiminika cha seli, na pande zote mbili za tundu zilishuka hadi karibu na sifuri. Tulirudia kwa kuweka rezista inayojulikana kati ya kigusio na sanduku na kukokotoa, tukapata zaidi ya megaomu 1 kila upande. Uwezo wake ulisomeka asilimia 86. Hapa pana tahadhari moja kwa wanaonunua betri hizi za 30: kompyuta za baadhi yake zilikuwa zikikadiria uwezo kuwa mdogo kuliko ulivyo, na mwaka 2018 Nissan ilitoa programu ya kurekebisha hesabu hiyo. Asilimia peke yake isikufanye uikimbie betri wala uikimbilie. Tazama tofauti ya volti za seli betri ikiwa inafanya kazi.

Mwishoni mwa Februari: kutoa na kuweka

Tulianza alfajiri, maana glavu za mpira za daraja la 0, zinazokinga hadi volti 1000, zikivaliwa chini ya glavu za ngozi katika joto la mchana wa kaskazi, mikono hutota jasho na spana huteleza. Kila glavu ilikunjwa kuanzia kwenye kifundo ili hewa ibanwe ndani, ikasikilizwa na kupapaswa. Moja ilivuja kidoleni ikawekwa kando. Pete na saa zilibaki kwenye droo. Kijana wetu mmoja hakupewa spana kabisa: kazi yake ilikuwa kusimama na fimbo ya fibaglasi yenye ndoano, awe tayari kumvuta mwenzake bila kumgusa.

Mpangilio hauna mbwembwe. Gari lizimwe na ufunguo uwekwe mbali. Betri ndogo ya volti 12 ifunguliwe. Plagi ya usalama itolewe chini ya zulia la gari na iwekwe kwenye mfuko wa fundi anayefanya kazi, si juu ya meza ambapo mwingine anaweza kuichukua kwa nia njema akairudisha. Kisha dakika 10 za kusubiri, kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza, ili kapasita za inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) ziishiwe umeme zilioutunza. Kisha kupima, kwa mita iliyojaribiwa kwanza kwenye umeme unaojulikana, halafu kwenye nyaya za rangi ya chungwa, halafu tena kwenye umeme unaojulikana, ili sifuri tuliyoisoma isiwe sifuri ya mita mbovu.

Betri ilishushwa juu ya meza ya magurudumu chini ya lifti ya nguzo mbili. Jeki za kawaida hazifai kwa mzigo wa kilo 300 wenye urefu wa kitanda. Bolti za nyuma zilikuwa zimeliwa na kutu ya chumvi, na zote zimebadilishwa kwa bolti za daraja lilelile, zikakazwa kwa spana ya toki kulingana na kitabu.

Sehemu iliyotupa kazi kubwa ni ndogo kuliko kiganja: ukanda wa waya unaounganisha sanduku la betri na bodi ya gari. Wengi huurudisha ulivyokuwa. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hitilafu ya kihami ikitokea, sanduku na bodi hubaki kwenye volti moja, mtu asiwe ndiye daraja kati yao. Mita ya kawaida haiwezi kuupima kwa uhakika, kwa kuwa nyaya za mita zenyewe zina ukinzani unaokaribia kile kinachotafutwa. Tulipitisha ampea 1 kutoka kwenye chaja ya meza kupitia kiungo hicho, na kwa mita nyingine tukasoma volti kati ya sanduku na bodi. Namba ya kwanza ilikuwa milivolti 410, yaani omu 0.41, zaidi ya mara nne ya kikomo, ingawa bolti ilikuwa imekazwa barabara. Tulifungua, tukasugua kutu na rangi hadi chuma kikang'aa, tukabadilisha washa, tukafunga, na kupaka nta ya kuzuia chumvi juu yake baada ya kufunga, si kabla. Namba ya pili: milivolti 18. Gari hilo lingeweza kutembea miaka na ukanda ule wa kwanza, dashibodi isiseme neno.

Mwanzoni mwa Machi: kompyuta

Gari lilikataa kuwaka. Kompyuta kuu ya gari na kompyuta ya betri hutambuana kwa msimbo, na gari la 2014 halikutarajia kuambiwa kwamba lina kilowati-saa 30. Dawa ya kawaida ni kijisanduku kinachokaa kwenye nyaya za mawasiliano na kutafsiri ujumbe kati ya pande mbili. Sipendi kifaa nisichokijua kukaa kati ya betri na kompyuta inayoilinda, kwa hiyo tulichagua kimoja ambacho programu yake inaweza kusomwa na mtu yeyote, tukaisoma, na tukahakikisha kwamba kinagusa ujumbe wa uwezo na wa utambulisho pekee, bila kugusa ule wa kikomo cha nguvu ya kujaza wala wa halijoto. Baada ya hapo gari liliwaka. Tulilijaza hadi mwisho tukiwa tumesimama kando yake: kuchaji kulikoma kwenyewe, na seli iliyokuwa juu kuliko zote ilisoma volti 4.13.

Kihami kilipimwa upya gari zima likiwa limeungana. Ni kiloomu 900 na kitu. Ni chini ya ile ya betri peke yake, kama inavyotarajiwa, kwa kuwa sasa inveta, chaja na kompresa ya kiyoyozi vimo ndani ya hesabu. Lakini ni zaidi ya mara nne ya kikomo.

Machi: barabarani na kwenye ukaguzi

Kituo cha ukaguzi kilipima breki, taa, usukani, matairi na mishikio ya magurudumu, na gari likapita. Mkaguzi alikuwa makini: aliomba gari linyanyuliwe, akatazama bolti za betri na kupiga picha kibandiko chake. Hakuna mahali kwenye fomu pa kuandika ukinzani wa kihami au wa ukanda wa bodi, wala hakuuliza. Tumeiambatisha karatasi yetu ya vipimo kwenye nakala ya cheti, na nakala nyingine imekwenda kwa kampuni ya bima. Kwa maoni yangu vipimo hivyo viwili vingetosha kwa ukaguzi wa kila gari la umeme lililobadilishwa betri. Vifaa vyake ni vya bei nafuu, na havihitaji kufungua chochote isipokuwa kifuniko cha plagi ya usalama.

Likoni tulikwenda makusudi wakati wa maji kupwa, saa ambayo mteremko wa kuingilia feri huwa mkali na magari ya chini hukwaruza tumbo. Leaf ina sentimita 15 na kitu tu kutoka ardhini, na kilicho chini yake ni betri. Likiwa na watu wanne halikugusa. Mwalimu ameshauriwa hata hivyo atumie barabara ya Dongo Kundu akiwa amebeba mizigo ya kwenda Diani.

Safari ya Malindi ameshaifanya. Alifika akiwa na asilimia 27.

Betri ya zamani

Iko kwenye chumba cha mawe chenye paa la bati na madirisha mawili, mbali na banda la makuti la jirani, ikiwa imejaa nusu na plagi yake ya usalama imetolewa. Imeshatembelewa na mnunuzi aliyetaka kuifungua atoe moduli za kufunga kwenye pikipiki; hakuuziwa. Mwingine wa Kwale anaitaka kwa pampu ya sola, ikae mahali pamoja ndani ya sanduku lake, na huyo tunazungumza naye, kwa sharti kwamba fundi wake aje kwanza apimiwe nusu zote mbili mbele yake. Ikishindikana itakwenda kwa mshughulikiaji wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Gari la Mwalimu litarudi masika yakiisha, kihami na ukanda vipimwe tena baada ya mvua na madimbwi ya barabarani, na namba zitaandikwa chini ya hizi.